Barua kwa mwanangu: mfalme wa Aradi na mtunza stoo wa ngomeni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kijana mmoja kwenye kikundi chenu cha Biblia amekubana: Hesabu 21 inamtaja mfalme wa Aradi aliyepigana na Waisraeli wakiwa na Musa, akateka baadhi yao, ilhali waliochimba Aradi hawakukuta mji wa zama hizo. Unataka nikwambie nani mkweli.

Kijana hakukosea. Kilima cha Tel Arad, ndiko Aradi yenyewe, kiko Negebu, nyika kavu ya kusini mwa Israeli, yapata kilomita 30 mashariki ya Beer-sheba. Kuanzia mwaka 1962 wanaakiolojia Yohanan Aharoni na Ruth Amiran walikichimba. Chini walikuta mji mkubwa wenye ukuta wa mawe, ulioachwa mnamo 2650 KK. Baada ya hapo hapana kitu kwa zaidi ya miaka 1,000, ndipo yakaja makazi madogo, na baadaye ngome ya wafalme wa Yuda. Musa umweke karne ya 15 au ya 13 KK, bado anaangukia katikati ya pengo.

Wataalamu wamejaribu kuliziba. Aharoni alidhani Aradi ya Wakanaani ilikuwa kilima kingine, Tel Malhata, upande wa kusini-magharibi. Aliegemea orodha ya Farao Shishaki kwenye ukuta wa hekalu la Karnak huko Misri, inayotaja Aradi mbili. Wapo wanaosema Aradi lilikuwa jina la eneo zima. Wengine wanaona mwandishi wa baadaye aliijua ngome ya siku zake, akaisogeza nyuma hadi enzi za Musa. Mimi hoja ya eneo ndiyo inaniingia zaidi, ila siwezi kuiapia. Usije ukamwambia mtoto wa watu kwamba mjadala umefungwa.

Sasa nikupeleke kwenye Aradi ninayoipenda mimi. Unajua nimekula mshahara wa stoo maisha yangu yote ya kazi. Ile ngome ilikuwa na mita 50 hivi kila upande, na askari labda 20 au 30. Ndani yake vimeokotwa vigae vya vyungu vyenye maandishi ya wino, Kiebrania cha mnamo 600 KK, na vingi ni maagizo kwa mtu mmoja: Eliashibu, mtunza stoo. Kimoja kinamwambia awape Wakitimu, wanaodhaniwa kuwa askari wa kukodiwa wenye asili ya Kigiriki, bathi 3 (kipimo cha kale) za divai, "na uandike siku". Kisha apakie unga wa mikate kutoka katika unga wa kwanza uliobaki. Nilicheka peke yangu. Tarehe kwenye leja, mzigo wa zamani utoke kwanza: hayo nimeyahubiri kwa vijana wa stoo mpaka sauti ikakauka!

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipima miandiko ya vigae 16 kwa kompyuta, wakaona angalau mikono 6 tofauti. Yaani kusoma na kuandika kulifika hadi kwenye kajingome ka jangwani. Mwaka uliofuata kamera maalumu ikaonyesha maandishi nyuma ya kigae kilichokaa tangu 1965 kikidhaniwa ni kitupu upande huo. Mistari ya kwanza? Mtu anaomba divai. Hao ndio watu.

Si mizaha yote, lakini. Kigae cha 24 kinaagiza askari wa Aradi na wa mji wa Kina wapelekwe haraka mji wa Ramothi ya Negebu, ni amri ya mfalme, na asiyetii roho yake iko hatarini, Edomi, taifa jirani na adui wa Yuda, asije akaingia mjini. Ukisoma Obadia anavyowalaumu Waedomu siku ya maafa ya Yerusalemu, kisha ukasoma amri hii, unaona hofu hiyohiyo ikiwa bado ni mzigo wa kazi mezani kwa ofisa wa mpakani.

Jumapili wasomee vyote viwili, Obadia na kigae cha 24, na kijana huyo mpe yeye asome kigae. Wajukuu wasalimie, na yule mdogo aache kunikatia simu.

Baba yako