Mume anakunywa mizizi, wewe una kijiti mkononi

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimeolewa miaka tisa sasa na tuna mabinti wawili, mmoja ana miaka saba, mdogo ana minne. Wote nilijifungua kwa upasuaji. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi, na akitoka hukaa wiki tatu hadi nne. Mimi nina duka dogo la nguo za watoto.

Tatizo ni mtoto wa tatu. Mume anamtaka, mama mkwe anamtaka, mimi sitaki. Maisha yamepanda, kuna ada, kuna kodi ya fremu, na maumivu ya ule upasuaji wa pili sijayasahau. Nadhani wanatafuta mtoto wa kiume. Mama mkwe akija kutoka Muheza na gunia lake la machungwa, swali lake ni lilelile: mjukuu wangu mwingine yuko wapi? Nimemchoka. Hata kipindi kile alichokaa kwangu miezi mitatu baada ya mdogo kuzaliwa, alikuwa anajifanya mwenye nyumba. Mume naye kila akirudi safari anauliza kama siku zangu zimepita.

Shangazi, mimi nina kijiti cha uzazi wa mpango. Niliwekewa mdogo alipofikisha miezi sita, mume hajui. Aliwahi kunishika mkono akauliza hiki kigumu ni nini, nikamwambia ni kovu la chanjo. Sasa anadhani tatizo ni lake, kwa ajili ya kukalia joto la injini miaka yote. Mama yake amemtumia mizizi, anachemsha anakunywa, na mwezi ujao anataka kwenda kupima mbegu. Si mtu mbaya. Hajawahi kuniinulia mkono wala kunitukana, na matumizi anatoa. Lakini mama yangu alimzalia baba watoto sita na bado akaletewa mke mwenza, tukarudi kwa bibi na masanduku yetu. Mimi nimeshanunua kiwanja changu Chanika, hilo pia hajui. Nimwambie maneno gani ili wasinisumbue tena?

Mama wa Wawili, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa visu viwili ulivyopitia. Aliyepasuliwa mara mbili ana haki ya kuogopa mara ya tatu, na hilo sitakubishia.

Lakini umeniomba maneno ya kuwanyamazisha watu, na hayo sina. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia macho yangu yanakwama kwa yule mwanamume aliyeinamia sufuria ya mizizi. Ametoka safari, amepita mizani, amelala mpakani ndani ya lori, amefika kwake. Anachemsha dawa chungu iliyotoka kwa mama yake, anaimeza amekunja uso. Wewe uko palepale jikoni unamtazama, na jibu liko chini ya ngozi ya mkono wako. Mwanangu, hapo umekosea, na umekosea vibaya.

Tena hana ujinga katika wasiwasi wake. Ni kweli joto la muda mrefu hudhoofisha mbegu za mwanamume, na madereva wa safari ndefu husikia hayo kwa wenzao na kwa madaktari. Kwa hiyo ameshaanza kujishuku kama mwanamume. Mwezi ujao atakaa kwenye benchi la hospitali, ataitwa jina, atapewa kikopo na kuonyeshwa chumba. Umewahi kufikiria anavyojisikia mwanamume anayekwenda pale huku akiamini ameshindwa kumpa mkewe mimba? Umeandika habari hiyo kwa sentensi moja, halafu ukarudi kwenye kero zako.

Sasa tuitazame barua yenyewe. Umesema wanatafuta mtoto wa kiume. Nani alisema? Umeandika "nadhani". Maneno ya mama mkwe uliyoyanukuu wewe mwenyewe ni "mjukuu wangu mwingine", na mjukuu anaweza kuwa wa kike. Mumeo hukumnukuu hata neno moja. Inawezekana kweli wanataka wa kiume, wako wengi wa namna hiyo, na kama ndivyo waambie mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume, mama hana sehemu katika hilo. Lakini usimbebeshe mtu kauli ambayo hakuitoa kwa sababu tu inakurahisishia kumkasirikia.

Kuhusu mama mkwe nitasema wazi kwamba niko upande wake. Huyo unayesema alijifanya mwenye nyumba, ndiye aliyeacha shamba lake Muheza akaja kukaa kwako miezi mitatu ulipokuwa huwezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Nani alikukanda? Nani alikukorogea uji wa pilipili manga usiku, mumeo akiwa Kongo? Nani alimbeba yule mkubwa alipokuwa na miaka mitatu na analilia mapaja yako yenye kidonda? Hukuandika, lakini sisi wanawake tunajua kazi ya mama aliyekuja kuangalia mzazi. Swali lake linachosha, ni kweli, na anapaswa kuambiwa aliache. Ila anauliza kwa kuwa hajui. Angejua ukweli, pengine asingetumia nauli yake kumtafutia mwanawe mizizi.

Nije kwenye fedha. Maisha yamepanda, ninaishi humuhumu. Lakini mama anayelia ada na huku amenunua kiwanja Chanika kwa siri, tatizo lake kubwa haliko mfukoni. Elimu ya shule za serikali haina ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, na tangu 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Najua kuna sare, daftari, michango na nauli, na huenda unataka shule za kulipia, ni chaguo lako. Kiwanja chenyewe sikilaumu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kuwa na mali yake kwa jina lake. Wanangu wote wa kike nawaambia wawe na kitu chao.

Ila kiwanja hicho kimenionyesha kinachokusumbua. Sentensi iliyobeba barua yako nzima umeiweka mwishoni kama jambo la kupita: mama yako alizaa sita, na bado akaletewa mke mwenza. Hapo ndipo ulipo, mwanangu. Bado uko na lile sanduku, mtoto mdogo njiani kwenda kwa bibi. Umejiapiza kwamba hutazaa hata ukashindwa kuondoka, na umejinunulia pa kuondokea. Ninakuelewa, tena nimekusikitikia kuliko unavyodhani. Lakini huyo dereva hakumfukuza mama yako. Kwa maneno yako mwenyewe hapigi, hatukani, matumizi anatoa, na miaka tisa anarudi nyumbani. Unamlipisha deni la baba yako, naye hata hajui kama kuna deni.

Nalisema hili na kwa wengine wanaosoma, maana barua za namna hii zinanijia nyingi. Ndoa za siku hizi zimejaa namba za siri. Simu ina namba ya siri, akaunti ina namba ya siri, mke ana kikoba mume hakijui, mume ana mtoto Mbezi mke hamjui. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja ameandaa mlango wake wa nyuma. Na zile sherehe za kumfunda bibi harusi zimebadilika. Kungwi wa zamani alikufundisha mwili wako na wa mwenzio, alikufundisha kusema na kunyamaza. Wa sasa anashika kipaza sauti anamwambia binti wa watu "mwanaume usimwambie kila kitu", ukumbi mzima unapiga vigelegele. Akiba ya fedha ni busara. Lakini idadi ya watoto mtakaolea haiwezi kuwa akiba ya mtu mmoja, kwa sababu mwenzio anapanga maisha yake, anahesabu miezi, anatarajia. Wanaume nao nawaambia: mnaouliza "siku zimepita?" kabla hamjauliza "kidonda kinaendeleaje?" mnawafunza wake zenu kuficha. Mumeo na yeye ana sehemu yake hapo, na umwambie.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna mtu atanielewa vibaya. Sijasema uzae. Mwili ni wako, na muuguzi aliyekuwekea kijiti bila kumwita mumeo hakukosea. Watoto wawili ni familia kamili. Zamani zile za mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani zaidi ya watoto 6, utafiti wa taifa wa 2022 ukaonyesha ni 4.8, na mijini ni pungufu ya hapo. Hakuna atakayekushangaa ukisimama kwenye wawili. Unaweza kumwambia mumeo "sitaki wa tatu" na ukabaki mke mwema. Usichoweza ni kusema "tuendelee kujaribu" kwa mdomo na mkono ukisema kingine. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka mwenzio anajiona mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani kama umelipigia hesabu. Ulisema kijiti kiliwekwa mdogo akiwa na miezi sita, na sasa ana miaka minne. Hiyo ni miaka mitatu na nusu. Papasa mkono wako. Kama unahisi kijiti kimoja tu, aina hiyo kwa kawaida imeandikiwa miaka mitatu, na muda wako umepita. Kama ni viwili, ni miaka mitano. Itafute ile kadi ya kliniki popote ulipoificha, usome tarehe. Inawezekana hivi ninavyokuandikia, kinga unayoitegemea imekwisha, na mtoto wa tatu atakuja bila kumsubiri yeyote kati yenu aamue. Siku hiyo utamweleza nini mumeo? Nenda kliniki wiki hii.

Ukienda, beba na karatasi za upasuaji wako zote mbili. Mwulize daktari kuhusu kovu. Wanawake wengi wanajifungua salama kwa upasuaji wa tatu, lakini kila kovu huongeza hatari, hasa kondo la nyuma kujipachika juu ya kovu na kuleta damu nyingi wakati wa kujifungua. Daktari asome ulivyoshonwa, akupime, akwambie wewe kwa hali yako. Nafasi kati ya watoto si tatizo kwako. Wataalamu wanataka angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na wewe umeshaipita. Akikwambia kovu halifai, una jibu ambalo hata mama mkwe atalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiye aliyekiona kile kidonda kibichi. Akikwambia unaweza, basi limebaki la moyo, na la moyo huamuliwa na wawili.

Kisha mwambie. Usimwambie kwa simu akiwa barabarani, dereva mwenye mzigo mkubwa na mteremko wa Kitonga mbele yake hahitaji habari hiyo. Mwache afike, aoge, ale, alale usiku mzima. Kesho yake mabinti wapeleke kwa jirani au kwa dada yako. Kaa naye chini, umpe mkono ule ule, akiguse kile kigumu, umwambie: "Hiki si kovu la chanjo. Nilikudanganya. Wewe huumwi." Anza na hilo la mwisho kama utaona amepigwa na bumbuazi, kwa sababu ndilo alilokuwa akililia. Ndipo umweleze habari za mama yako na masanduku. Kama miaka tisa hujamwambia, hajui ameoa mtoto aliyefukuzwa kwao.

Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee kwa ada wala kwa kodi ya fremu. Anaweza kununa safari nzima inayofuata. Akisema umemdhalilisha, kubali, maana ni kweli. Kiwanja nacho kitaje siku hiyohiyo, usimgawie ukweli kwa mafungu akakaa kila mwezi anasubiri jipya. Habari za mama mkwe mwachie mumeo, yeye ndiye amweleze mamaye, hilo si lako, ila wewe mpigie simu umshukuru kwa ile miezi mitatu.

Na ile safari ya kupima mbegu isifike. Una chini ya mwezi. Ukishazungumza naye niandikie tena, na barua hiyo uniwekee maneno aliyoyasema yeye, kama alivyoyasema.

Shangazi