Tikiti yasema 00:45, niende lini?

Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kilomita ngapi? (Msomaji, Bamburi)

Kama 420. Kwa barabara zakaribia 480, maana ndege haina haja ya kuzunguka na njia ya Voi na Mtito Andei. Hewani hukaa dakika 45 hivi. Tikiti huandika saa nzima kwa sababu huhesabiwa tangu ndege inapong'oka kwenye maegesho hadi inaposimama kule. Kaa dirisha la kushoto. Mawingu yakiwa mbali utauona Kilimanjaro.

Kwa hivyo ndege ni bora kuliko treni? (Huyo huyo)

Treni huchukua takriban saa 5 kutoka Miritini, kituo cha Mombasa, hadi Syokimau, kituo cha Nairobi. Lakini ndege nayo, ukijumlisha msongamano wa Changamwe, kukaguliwa, kungojea na teksi ya kule, itakula saa 4. Nikiwa na begi moja napanda ndege. Nikiwa na watoto na kikapu cha maembe, treni.

Na Zanzibar? (Msomaji, Kisauni)

Kilomita kama 245, chini ya saa moja. Ila uliza kwanza kama ndege yaenda moja kwa moja. Ukipitishwa Nairobi, wataka kwenda kusini wapelekwa kaskazini, na siku imekwisha.

Mama anakwenda Dubai. Saa za tikiti zaonyesha safari ya saa 6 kwenda na saa 4 kurudi. Vipi? (Msomaji, Tudor)

Safari ni moja, kama kilomita 3,670, saa 5 hivi. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na tikiti huandika saa za mji husika. Akiondoka saa 9 alasiri, atatua saa 2 usiku yetu, wao wakisema saa 3.

Tikiti yangu ni Ijumaa 00:45. Nifike uwanjani Ijumaa usiku? (Msomaji, Likoni)

Usithubutu! Shemeji yangu alifanya hivyo: kanzu imenyooshwa, sanduku limefungwa kamba, familia nzima imemsindikiza. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia.

Tikiti huanza siku usiku wa manane. Hiyo 00:45 ni saa 6 na dakika 45, usiku wa kuamkia Ijumaa. Bibi zetu wa Mji wa Kale wasingeikosa, kwani kwao jua likizama Alhamisi, usiku huo ni wa Ijumaa tayari. Sisi tuliosoma ndio tunaoachwa.

Kupata saa ya Kiswahili, za kabla ya 07:00 ongeza 6, kama hiyo yako. Za kuanzia 07:00, toa 6: 08:00 ni saa 2 asubuhi. Ikibaki 13 au zaidi, toa 12 tena: 20:00 ni saa 2 usiku.

Wewe uwe kwenye foleni Alhamisi saa 3 na dakika 45 usiku. Na kivuko usikitegemee, pita barabara ya Dongo Kundu.