Muulize Mwalimu wa Maabara: Mizizi ya Kitunguu na Kikombe cha Bibi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita, naishi Ujiji. Bibi ana uvimbe shingoni. Jirani anamchemshia majani ya lile ua la pinki la petali tano, anasema hata hospitali dawa ya saratani hutoka humo. Nimeweka kitunguu kwenye maji hayo, mizizi ikagoma kukua. Si ushahidi huo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu asili jirani amesema kweli: dawa za saratani vinkristini na vinblastini hutoka kwenye mmea huo, ambao kwao ni Madagaska. Na jaribio la kitunguu ni la heshima. Albert Levan wa Uswidi alilitumia mwaka 1938 kupima kolkisini, sumu ya mmea mwingine inayokwamisha chembe hai (seli) zinapogawanyika.

Ila mzizi kugoma hakutoshi. Hata maji ya chumvi huuzuia. Lazima uchungulie ndani. Otesha vitunguu viwili vya fungu moja, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya majani hayo. Kata ncha za mizizi, na mwalimu wako akiwepo uzilainishe kwa asidi hafifu, uzitie rangi, uzikandamize kwenye slaidi. Chembe ya kitunguu ina kromosomu 16, vile vibeba urithi vya ndani ya chembe. Penye maji matupu utaziona zimejipanga katikati, au zinavutwa na nyuzi kwenda pande mbili. Penye kolkisini, au dawa za ua hili, nyuzi hazijengeki. Kromosomu zimetapakaa, hazina wa kuzivuta. Nimeliona hilo miaka mingi hapa Kigoma, na bado hunifanya nishike pumzi. Tena usihadaike na hesabu: chembe zilizo katikati ya kugawanyika huweza kuonekana nyingi zaidi, kwa kuwa zimekwama hapo.

Sasa tuseme umeyaona yote hayo. Kitunguu hakina uboho wa ndani ya mifupa. Bibi anao, na chembe zake hugawanyika kila siku kutengeneza damu. Kinachokwamisha mzizi huweza kuzikwamisha nazo. Hospitali vinkristini huchomwa mshipani, kwa miligramu zilizopigiwa hesabu, na damu hupimwa. Kikombe cha jirani hakina kipimo.

Naomba bibi aache kikombe hicho leo. Mwambieni jirani kwa upole, maana anampenda bibi. Kisha mpelekeni bibi hospitali ya Maweni hapa Kigoma, kipande cha uvimbe kichukuliwe kipimwe. Uvimbe wa shingo huweza kuwa kifua kikuu cha tezi, na hicho kinatibika. Bebeni na majani yenyewe, daktari ajue amekunywa nini na kwa siku ngapi.