Fundi Anajibu: Simu za gesti, niguse ama niache?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, nasimamia simu za gesti ya ami yangu, vyumba 14 pamoja na risepshen, jikoni na dobi. Tunatumia Asterisk, ile programu ya kuendesha simu za ndani, toleo la 16, kwenye kompyuta ndogo iko chini ya ngazi, ilifungwa 2019 na fundi ambaye sa hizi hata ukimpigia hashiki. Inafanya kazi vizuri tu. Mi nataka kuweka toleo la 22, ami anasema kitu hakijaharibika usikiguse, na juzi nilijaribu kwa laptop yangu nikakopi faili zote za zamani, ikawaka bila shida lakini hakuna simu hata moja iliyoingia. Kwani hawa watengenezaji mbona wasituachie ile inayofanya kazi, kila mwaka wanaleta mpya halafu ya zamani inavunjika?
Kijana wa gesti, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Tuanze na laptop, hiyo haina siri. Simu zako zimeandikwa kwenye faili ya mipangilio, sip.conf, si ndio? Faili hiyo msomaji wake ni chan_sip, kipande cha Asterisk kinachounganisha simu, na chan_sip ilitangazwa inaondoka toka toleo la 17, kufika 19 haiingii tena mpaka uiwashe mwenyewe kwa mkono wakati wa kujenga programu, na kwa 21, mwaka 2023, wakaing'oa kabisa. Sasa kwa 22 hiyo sip.conf imekaa pale kama barua ya mtu aliyehama nyumba, hakuna wa kuifungua. Kazi ya chan_sip siku hizi inafanywa na kipande chengine, PJSIP, ambayo iliingia na toleo la 12 mwaka 2013, kwa hivyo hawakukuvunjia usiku mmoja, karibu miaka kumi zote mbili zilikuwa ndani pamoja.

Hilo swali lako la mbona hawatuachii, wenyewe lishawasumbua sana. Zamani kulikuwa na toleo la 1.4, ilitoka mwisho wa 2006, ikishatoka ni marekebisho ya bagi, makosa ya programu, basi, vitu vipya vinasubiri toleo kubwa lijalo, na watu wakasubiri karibu miaka miwili, wenye haraka wakawa wanachukua kodi mbichi ya programu ambayo haijatulia na kuiweka kazini. Basi 2008 ikaja 1.6 na mtindo mwengine, vitu vipya vinatoka kidogo kidogo, 1.6.0, 1.6.1, 1.6.2, kila moja na mambo yake. Mi nakwambia hiyo 1.6 ilitutoa jasho! Kwenye daiplani, ile orodha ya amri za kuelekeza simu, tulizoea kutenganisha maneno kwa kile kijiti, Dial(SIP/102|20), wao wakataka mkato, Dial(SIP/102,20), na ukisahau kimoja tu kati ya mistari mia, simu hiyo haitoki na mteja yuko mbele yako anakutazama. Wengi tulibaki na 1.4 yetu. Ndipo 2010 ikaja 1.8, ya kwanza kuitwa LTS, yaani ya kulelewa muda mrefu, na mpango huo ndio uko mpaka leo: LTS inarekebishwa bagi miaka minne halafu mwaka mmoja zaidi matundu ya usalama peke yake, na zile za kawaida zinapata mwaka mmoja na mwaka mmoja.

Kwa hivyo ami yako hajakosea kukataa haraka, amekosea kudhani 16 bado ina mwenyewe. Ilikuwa LTS, ya 2018, matundu yake yaliacha kuzibwa 2023. Kama mashine hiyo inaonekana kutoka intaneti kwa poti 5060, mlango wa kawaida wa simu hizi, basi kuna watu wanaibishia hodi usiku kucha wakitafuta paswedi nyepesi wapige simu za ng'ambo kwa gharama ya gesti, na bili hiyo atalipa ami. Mwambie hivyo, ataelewa haraka kuliko ukimwambia habari za vitu vipya.

Sasa usiruke moja kwa moja. 16 yako inazo zote mbili, kwa hivyo acha chan_sip pale pale 5060, washa PJSIP kwa poti nyengine, 5160 mathalan, halafu hamisha simu moja. Anza na ya dobi, maana ikikata hakuna mgeni atakayekuja kulalamika. Kwenye daiplani Dial(SIP/110) iwe Dial(PJSIP/110). Kuna skripti, programu ndogo, inakuja na Asterisk yenyewe, sip_to_pjsip.py, inakugeuzia sip.conf, lakini soma ilichoandika, usiiamini macho yamefungwa. Ikikaa wiki sawa, hamisha jikoni, halafu vyumba, risepshen mwisho. Zote zikishahama ndio unaweka 22 kwa kompyuta nyengine, ile ya chini ya ngazi usiifute, izime tu uiweke, mambo yakiharibika unarudisha waya mmoja.

Na ufanye masika, mwezi wa tano hapo, wageni hakuna na hoteli nyingi zimefungwa. Sio Desemba, na sio wiki ya Maulidi tafadhali.

SWALI: Mimi niko Malindi, nimeweka Asterisk 21 kwa ofisi, nimeambiwa nimekosea, kweli?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kiasi. Namba witiri, 19, 21, ni za kawaida, za maisha mafupi, shufwa kama 18, 20, 22 ndio LTS. 21 imezibwa matundu mpaka Oktoba 2025 tu. Chan_sip kwako haiko tena kwa hivyo kazi ngumu ushaimaliza, soma faili ya UPGRADE inayoeleza yaliyobadilika, weka bakap ya folda ya mipangilio, /etc/asterisk, halafu panda 22 siku ya Jumapili.