Ukienda kuwauliza vijana habari za mapenzi

Wadogo zangu mnaoanza udadisi, yaani kazi ya kuhoji watu, kwenye tafiti za afya ya uzazi kwa vijana huniuliza sana namna ya kuuliza maswali ya ngono bila mtoto kufunga mdomo. Kazi hii nimeifanya vijijini Kanda ya Ziwa kwa miaka, na naamini ukweli hupatikana au hupotea kabla swali lenyewe halijaulizwa.

Someni habari za MEMA kwa Vijana, utafiti mkubwa ulioanza Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Majibu ya vijana yalilinganishwa na vipimo vya maabara vya mimba na magonjwa ya zinaa. Kati ya wale ambao vipimo vilionesha wameshajamiiana, waliokiri katika madodoso yote mawili, la kuulizwa ana kwa ana na la kujaza wenyewe, ni asilimia 58 ya wavulana na asilimia 29 tu ya wasichana. Wasichana sita waliokuwa na ugonjwa wa zinaa walihojiwa pia kwa kina. Katika madodoso manne ya utafiti huo kwa miaka yote, ni mmoja tu kati yao aliyewahi kukiri. Walipokaa na mtu wa kuwasikiliza, watano walisema.

Msiwaite waongo. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi. Tangu 2016 pia, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na huyo anaweza kuwa kijana anayempenda, au ndugu anayelisha nyumba yao. Mgeni mwenye kishikwambi anapouliza, binti anapima yote hayo kwa sekunde chache.

Kwa hiyo anzeni na mahali. Ofisi ya mwalimu mkuu ikataeni kwa adabu, hata mkikaribishwa kwa moyo mweupe. Tafuteni sehemu ambayo watu wanawaona lakini hawawasikii. Chini ya mwembe pembeni ya uwanja panafaa kuliko chumba kilichofungwa, maana mlango ukifungwa kijiji kinaanza kuuliza. Wasichana wahojiwe na wanawake. Mkiweza, fikeni mapema kijijini, mchote maji nao, mcheze netiboli, majina yenu yazoeleke.

Mazungumzo yaanzie shule, kazi za nyumbani na marafiki, ndipo mfike kwenye hedhi na mabadiliko ya mwili, na mwisho kabisa mahusiano. Habari ya zawadi iulizeni kwa upole na bila kushtuka. Sabuni, vocha na hela ya maandazi zinaingia sana kwenye mapenzi ya vijana, na uso wako ukibadilika tu, hutasikia zaidi. Wavulana msiwahoji kundini, huongeza chumvi. Jibu liandikeni lilivyotoka, hata kama moyoni mna shaka. Kazi ya kupima si yenu.

Kuhusu ridhaa sina masihara. Mzazi kwanza, kisha mtoto mwenyewe. Mzazi akikubali na mtoto akikataa, mmeshajibiwa. Jioni mama atakuja, tena kwa upendo tu: "Mwanangu kakwambia nini?" Mimi humjibu, "Shikamoo mama. Aliyoniambia ni amana, hata mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja simwambii." Wengi huridhika, na wengine huanza kunisimulia walivyoshindwa wao kuzungumza na binti zao. Hapo kaeni, msikimbilie gari.

Amana hiyo ina mpaka, na mpaka huo mtoto auelewe kabla ya swali la kwanza: akisema anaumizwa au anabakwa, hamtanyamaza. Mjue dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi, na kwamba 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto. Zahanati nendeni wenyewe siku moja kabla, mkaone muuguzi anawapokeaje vijana, kwa sababu mtoto aliyewaamini akafika pale na kufokewa hatarudi. Na kabla ya kusaini mkataba, mwulizeni mratibu: mtoto akihitaji msaada saa kumi jioni, tunampeleka kwa nani, na nauli inalipwa na nani? Mpaka apate jibu, msianze kuhoji.