Ukienda Boma la Iringa, anzia Kalenga

Mara ya kwanza niliingia Boma la Iringa, makumbusho ya mkoa, saa tisa na nusu alasiri, nimetoka kushuka basi stendi ya Igumbilo, begi mgongoni, tumbo tupu. Nikazunguka vyumba vyote kwa dakika ishirini, nikapiga picha ukuta, nikatoka. Ukiniuliza niliona nini, ningekwambia: jengo la Wajerumani, kuta nene, basi.

Kosa halikuwa la jengo. Nilikuwa nimeanza hadithi mwishoni.

Mara ya pili nilikwenda na baba yangu mdogo, mtu asiyependa makumbusho wala kutembea. Yeye ndiye aliyesema tupitie Kalenga kwanza, kwa sababu shuleni walifundishwa habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na hakuwahi kuona hata jiwe lake. Tukapanda daladala asubuhi. Ni kijiji kisicho mbali na mji, upande wa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, na ukifika ukasalimia "Kamwene" utaona nyuso zinavyofunguka, hata kama Kihehe chako kinaishia hapo hapo.

Makumbusho ya Kalenga ni madogo. Wengi hukatishwa tamaa na udogo huo, wakaondoka upesi kama nilivyoondoka mimi Boma. Wewe kaa. Ndani ya kioo kuna fuvu la Mtwa (yaani Chifu) Mkwawa, aliyejiua kwa risasi Julai 1898 huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka walirudishe fuvu ndani ya miezi sita, nao ukapita mwaka, ikapita miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1954 ndipo Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolileta kutoka jumba la makumbusho la Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Wapo wanaohoji kama kweli ndilo lenyewe. Muulize mwongozaji swali hilo bila aibu. Kwetu lilizaa mazungumzo marefu kuliko yote ya siku ile.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike haya. Neno Iringa limetokana na "lilinga", yaani ngome kwa Kihehe, na ngome yenyewe ilikuwa hapo Kalenga. Wahehe walikuwa wamewachakaza Wajerumani kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akauawa. Wajerumani wakarudi Oktoba 1894 na mizinga, wakaibomoa ngome. Miaka miwili baadaye ofisa wao Tom von Prince akajenga kituo kipya juu ya kilima, na kituo hicho kikaitwa Iringa. Walibomoa ukuta, jina wakapanda nalo mlimani.

Ukishajua hilo ndipo uende Boma. Jengo ni lile lile nililoliona mara ya kwanza, la karibu mwaka 1900, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Lakini safari hii niliusoma ukuta. Unene wake una woga ndani yake: watu waliopigwa Lugalo hawajengi nyumba nyembamba. Baba mdogo alisimama mlangoni muda mrefu akiitazama miti ya mjini, kisha akasema, "Kumbe sisi tunaishi Iringa ya pili." Kiingilio cha mzee yule kilikuwa kimesharudi.

Mengine ni ya kawaida. Fika Boma kabla ya saa nane mchana, usibanwe na muda wa kufunga kama mimi. Beba sweta, hasa Juni na Julai; baridi ya Iringa haina adabu kwa watu wa Dar. Chukua mwongozaji kote kuwili na mwulize bei kabla hamjaanza kutembea, maana mimi Kalenga nilinyamaza, nikaja kulipa kwa aibu zaidi ya nilivyopanga. Gangilonga, lile jiwe "linalosema", panda wakati kuna mwanga na mkiwa zaidi ya mmoja. Na vikapu vya milulu nunua kwa akina mama karibu na Soko Kuu. Bei hupungua ukikaa chini na kuongea, si ukisimama na simu mkononi.

Tulimalizia kwa chai jirani na Boma. Nilidhani baba mdogo, baada ya yote aliyoyasikia Kalenga, angesusa kukaa karibu na nyumba ya Mjerumani. Akanywa vikombe viwili, akaagiza na chapati, akaniuliza Mlambalasi ni nauli shilingi ngapi.