Kununua pete ya almasi Dubai ukiwa likizo: jibu kwa mdau wa Moshi

Mdau mmoja wa Moshi ameuliza hivi: mwezi ujao yeye na mkewe wanakwenda Dubai likizo, anataka kumnunulia pete yenye almasi ya kama nusu karati (karati ni kipimo cha uzito wa jiwe), na hofu yake kubwa ni kupigwa. Mwisho akauliza kama ni bora anunue pete nzima kule, au anunue jiwe peke yake aje kutengenezewa pete na sonara wa Arusha. Mkuu, mimi nipo kwenye kazi ya vito hapa Arusha, na swali lako linastahili jibu refu.

Anza na umbali. Kitu ulichonunua mjini kikikusumbua, kesho unarudi dukani. Ukishatua uwanja wa ndege wa KIA, pete ya Dubai ni yako pamoja na kasoro zake zote, maana kuirudisha kunahitaji gharama ya usafirishaji, bima na maelezo ya forodha pande zote mbili. Kwa hiyo ukaguzi wote uishe kabla ya malipo, na maamuzi makubwa uyafanye ukiwa bado nyumbani: uzito wa jiwe, rangi, usafi, aina ya dhahabu, kipimo cha kidole na kiasi cha fedha ambacho hutakivuka. Yaandike kwenye karatasi, uende nayo dukani. Anayeanza kuamua akiwa ameshaketi mbele ya kabati la kioo na chai imeletwa, huondoka na kile ambacho muuzaji alitaka kitoke.

Halafu kuna mazoea yetu. Wengi wa huku tumekua tukiangalia tanzanaiti, ambako bluu ikikolea ndivyo bei inavyopanda, na herufi kama AAA kila duka hujiwekea lenyewe. Almasi nyeupe ni kinyume. Rangi yake hupimwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano wa wazi, na rangi ikipungua bei inapanda. Usafi wa ndani unaanzia FL na IF, unashuka VVS, VS, SI hadi I, ambayo madoa yake huonekana kwa macho. Mpangilio huu ni wa GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, na maabara nyingine kubwa hufuata madaraja yanayofanana nao.

Kwa pete ya kuvaa kila siku sioni sababu ya kulipia D wala VVS. Kwenye dhahabu ya njano, jiwe la rangi ya H au I linaonekana jeupe kabisa. Kwenye dhahabu nyeupe au platinamu, baki F hadi H. VS2 huwezi kuona doa bila lenzi. SI1 nyingi pia zinafaa, ila hiyo uikague mwenyewe, kwa sababu doa jeusi likikaa katikati ya uso wa juu litakuudhi miaka yote. Fedha utakayookoa hapo ipeleke kwenye ukataji, maana ndio unaolifanya jiwe liwake.

Na kwenye ukataji ndiko watu wanakolipia kisichoonekana. Mkataji anayetaka kubakiza uzito wa jiwe ghafi huliacha na tumbo nene. Wewe unalipa kwa karati, lakini ukilitazama kutoka juu ni dogo, na mwanga unaoingia unavujia chini badala ya kurudi machoni, hivyo katikati panakuwa na giza. Dawa yake ni kipimo cha milimita. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri yenye karati 0.30 ina kipenyo cha karibu milimita 4.3, ya 0.50 ni 5.1, ya 0.70 ni 5.7; na ya karati moja ni 6.4 hadi 6.5. Ukiambiwa nusu karati na kipenyo ni 4.8, uzito umefichwa tumboni. Kwenye cheti soma pia kina, yaani kimo cha jiwe kikilinganishwa na kipenyo chake: kwa duara kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5 hivi, na daraja la ukataji liwe Excellent au Very Good. Maumbo mengine kama mviringo wa yai au mstatili hayatoi majibu rahisi hivyo kwenye karatasi. Kama huna uzoefu, chukua duara.

Bei kwa karati huruka kwenye namba zinazopendwa: 0.50, 0.70, 1.00. Jiwe la 0.47 halitofautiani kwa macho na la 0.50, lakini kwa kawaida linakuja nafuu. Ulizia hayo. Na ukiona kibandiko chenye TW au CTTW, ujue ni jumla ya mawe yote kwenye pete. Vipande ishirini vinavyofikisha nusu karati kwa pamoja vina thamani ndogo kuliko jiwe moja la nusu karati.

Sasa cheti. Kubali cha maabara za GIA, IGI au HRD ya Antwerp. Karatasi ya duka lenyewe yenye muhuri wa dhahabu na maneno "thamani ya pete hii ni dola kadhaa" ni maoni ya muuzaji, hata kama imewekewa laminesheni. Chukua namba ya cheti, fungua tovuti ya maabara kwa simu yako kwa kuandika anwani mwenyewe, usichanganue msimbo uliochapwa kwenye karatasi ya duka, kwa sababu msimbo unaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kughushi. Linganisha uzito hadi desimali ya pili na milimita hadi desimali ya pili. Kisha omba lenzi ya mara 10 na utafute namba ileile iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaozunguka kiuno cha jiwe. Hatua hii ya mwisho usiiruke, maana cheti halali kabisa kinaweza kuwa kimeambatanishwa na jiwe jingine. Kama vikucha vya pete, vile vijino vinavyolishika jiwe, vimeifunika namba, au jiwe halikuchorwa kabisa, omba lipimwe na maabara kabla hujalipia bei yote. IGI wana maabara Dubai. Duka likikataa, nenda duka la jirani.

Almasi ya maabara inahitaji aya yake. Ni almasi kweli, kaboni kwa kaboni, imekuzwa kwa mashine kwa njia zinazoitwa HPHT na CVD. Ile kalamu ya kupima joto ambayo wauzaji huigusisha kwenye jiwe ikalia haiwezi kuitofautisha na ya mgodini. Lenzi pia haitoshi. Inatakiwa mitambo ya maabara. Kuinunua si kosa hata kidogo, mradi uuziwe kwa jina lake na kwa bei yake, na bei yake imeporomoka vibaya. Kampuni ya almasi ya De Beers walipoanza kuuza almasi za maabara kwa chapa yao ya Lightbox mwaka 2018 walipanga dola 800 kwa karati, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga. Ukilipa bei ya jiwe la mgodini ukapewa la maabara, umepoteza sehemu kubwa ya fedha yako papo hapo. Kwa hiyo risiti iandikwe neno "natural", na cheti kisiwe na maneno "laboratory-grown". Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, nayo huidanganya kalamu ya joto, ila hii lenzi inaifichua: litazame jiwe kwa kulilaza upande kidogo, mistari ya nyuma itaonekana miwilimiwili. Zirkonia, almasi ya bandia ya bei rahisi, ndiyo rahisi kuliko zote kuikamata, kwa kuwa ni nzito kuliko almasi ya ukubwa uleule kwa zaidi ya nusu.

Kuna jambo jingine linalowaumiza watu miaka baadaye. Almasi yenye nyufa hujazwa kioo ili ionekane safi. Ikifika kwa sonara kupunguzwa pete, moto wake unaharibu kile kioo na nyufa zinajitokeza, kisha sonara anasingiziwa. Ukiliinamisha jiwe chini ya lenzi ukaona mmweko wa buluu au rangi ya chungwa ndani ya ufa, liache. GIA hawatoi cheti cha madaraja kwa almasi iliyojazwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kukishikilia cheti chao.

Taa za dukani zimepangwa kumulika vito kwa mamia ya nukta kali, na chini yake hata kioo kinawaka. Omba ulipeleke jiwe dirishani au mlangoni, kwenye kivuli, uliweke uso chini juu ya karatasi nyeupe. Hapo umanjano unaonekana. Lifute kwanza, alama za vidole hupunguza mng'ao.

Dhahabu nitaipita haraka: 750 ni karati 18 (karati ya dhahabu ni usafi wake, si uzito), 585 ni 14, 375 ni 9, platinamu ni 950. Muhuri uwe ndani ya pete. Kwa almasi ya kuvaa kila siku chagua 18. Ya 22 ni laini, vikucha vinalegea. Vikucha sita vinashika vizuri kuliko vinne. Gramu za dhahabu zitengwe na za mawe, karati moja ya jiwe ikiwa gramu 0.2, ili usilipie jiwe kwa bei ya dhahabu wala dhahabu kwa bei ya jiwe. Epuka pete iliyozungushiwa mawe mwili mzima, kwa sababu haiongezwi wala kupunguzwa ukubwa.

Kuhusu malipo: kule Deira, kwenye soko la dhahabu, bei ya kwanza si bei. Waulize maduka matatu kwa masharti yaleyale yaliyo kwenye karatasi yako, ndipo upatane. Lipa kwa kadi kama benki yako inaruhusu kiwango hicho, na uwaarifu benki kabla ya safari. Mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi, dola au dirhamu, chagua dirhamu. Ukichagua nyingine unakatwa kwa kiwango cha ubadilishaji cha mashine, na huwa kibaya. Risiti iandike uzito, rangi, usafi, namba ya cheti, karati na gramu za dhahabu. Ikiandikwa "pete ya almasi" tu, huna cha kudai.

Kodi ya VAT ya Emirati ni asilimia 5, na mtalii anarudishiwa sehemu akinunua kuanzia dirhamu 250 kwenye duka lililo ndani ya mpango wa kuwarudishia watalii kodi. Toa pasipoti wakati wa kununua. Ukiwa uwanja wa ndege, thibitisha ununuzi wako kabla hujakabidhi mabegi, ukiwa na pete na risiti mkononi. Unarudishiwa sehemu kubwa ya kodi, si yote, na wanakata dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Pete ya dirhamu 10,000 iliyojumuisha kodi ina VAT ya 476, utapata karibu 400. Fika mapema, foleni ni ndefu. Vito na fedha taslimu zikizidi dirhamu 60,000 kwa pamoja, sheria ya huko inataka uzitangaze.

Ukifika KIA, tangaza pete kwa mamlaka ya mapato, TRA, na uonyeshe risiti. Kuna VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazozidi msamaha wa abiria. Uliza kiwango cha sasa kabla ya kuondoka na ukiingize kwenye bajeti, kwani hesabu ya "Dubai ni rahisi" ikikosa kipengele hiki si hesabu. Bila risiti, ofisa atakadiria mwenyewe. Na kama mkeo anaondoka na vito vya thamani alivyonavyo tayari, beba risiti zake.

Kwa wengine mnaosoma: wanaokwenda India kwa matibabu na kununua vito huko, dhahabu iwe na alama ya BIS, shirika la viwango la India, na msimbo wa HUID wa tarakimu na herufi sita, unaothibitishwa kwenye programu ya BIS Care. Bangkok, dereva wa tuk-tuk akikupeleka kwenye "mauzo ya serikali ya leo tu", shuka. Na popote pale usinunue almasi ghafi ya mfukoni. Tangu 2003 almasi ghafi huvuka mipaka kwa cheti cha Kimberley tu, mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita, na hapa nyumbani biashara yake inataka leseni.

Sasa swali lako la mwisho. Mimi ningenunua jiwe peke yake. Likiwa nje ya pete unalipima, unasoma namba ya leza bila kizuizi, na unaona kama ukingo wake ni mwembamba mno, kwani almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini hupasuka ikigongwa ukingoni. Pete utakayotengenezewa huku itapimwa kwenye kidole chenyewe, jioni, na si kwenye baridi ya Julai ambapo vidole vya Arusha na Moshi husinyaa. Tatizo moja: masonara wengi wetu wamezoea tanzanaiti, kwa hiyo mtafute anayepachika almasi mara kwa mara na uone kazi zake. Mkabidhi jiwe baada ya kulipima kwa mizani mbele yake, uzito na namba ya cheti viandikwe kwenye stakabadhi, na kabla hajaanza mwambie apange vikucha visikalie ile namba ya leza.